Nitumie Rangi ya Plagi

Mombasa,
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Salamu nyingi kutoka kwa binti yako anayeoga mara tatu kwa siku na bado ananuka jasho. Mko aje hapo Section 58? Mgongo wa Mama umepoa ama bado anajifanya hauumi? Mimi ni mzima, chakula kipo, joto tu ndilo linataka kunimaliza.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu zimekuwa kichekesho. Juzi nilikuuliza umekula nini, ukanijibu, "Ndiyo, Nekesa, Mungu ni mwema." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Tena nimeogopa kujibu kwa simu lile neno ulilomtuma Mama aniambie, ati nirudi kwa garaji yako niwe masikio yako. Baba, haki nimechanganyikiwa. Wacha nikueleze vile mambo iko.

Huku kwa garaji ninayofanyia kazi hatushiki bisibisi sana. Gari ikija kurekebishwa mafuta, tunaichomekea laptopu na kuona jedwali la namba, kila namba inaiambia injini imwage petroli kiasi gani. Jedwali lenyewe wanaliita ramani. Siku ya kwanza fundi mkuu, Bwana Athumani, aliniambia nifungue ramani, nikamuuliza kwani tunaenda wapi. Wananicheka mpaka leo.

Sasa, wiki iliyopita niliachiwa gari ya mteja peke yangu. Laptopu inasema mchanganyiko wa hewa na mafuta uko sawa. Mimi nikisikiliza, nasikia injini ni nzito, imeshiba kupita kiasi. Unakumbuka ulivyonifundisha: ncha ya bisibisi kwa chuma, mpini kwa sikio, unapunguza mafuta mpaka injini ilainike. Nikajiambia, mashine itanidanganya mimi, mtoto wa fundi? Nikapunguza namba moja, nikapunguza nyingine, mpaka nikasikia ile sauti ya magari yetu yakipanda Dundori. Nilifurahi aje! Tukaitoa kuijaribu barabarani. Kukanyaga mafuta tu, injini ikaanza kugonga ndani ka-ka-ka, kama misumari kwa sufuria. Bwana Athumani akapiga kelele, "Zima! Zima, utachoma pistoni!"

Nilingoja kufutwa. Yeye akaniuliza tu nilijifunzia wapi, nikasema Nakuru, kwa babangu. Akatingisha kichwa.

"Babako hakukosea, mwanangu. Huko juu hewa ni nyepesi, injini yataka mafuta kidogo. Hapa hewa ni nzito. Wewe wasikia Nakuru."

Tangu siku hiyo sijui niamini nini. Nikiamini namba, sikio linanung'unika. Nikiamini sikio, nitachoma gari ya wenyewe. Na nikizoea sauti ya huku, ile uliyonipa wewe si itapotea? Nitakuja kuwa masikio yako na masikio gani?

Ndiyo maana nilimwomba Mama arekodi pikapu yako asubuhi kabla utoke, anitumie kwa simu, niwe naisikiliza nisisahau sauti ya nyumbani. Aliituma Alhamisi. Baba, usinikasirikie. Nimeisikiliza zaidi ya mara kumi. Inasita, inakohoa, ni kama imenyweshwa petroli kwa ndoo. Na Mama amesema hiyo kabureta umeirekebisha mwenyewe, ukakaa nayo Jumatatu yote. Nililia kidogo, sitaficha. Maana sijui ni sikio langu limehamia Mombasa, ama ni lako limezima kabisa.

Najua vile husema, kwamba kufungua plagi ili kuangalia rangi ni kazi ya mafundi viziwi. Umenitania nayo tangu siku ya kwanza uliponipa spana. Lakini naomba, mara hii moja, injini ikipoa jioni fungua plagi moja ya hiyo pikapu uiangalie. Ikiwa ni rangi ya kahawia, basi pikapu ni nzima na mimi ndiye nimeharibika, nitabaki huku nijifunze upya. Ikiwa nyeusi ya masizi ya mafuta mengi, usijisumbue kunieleza. Mwambie Mama aniandikie neno moja tu, "nyeusi", na mimi nitapanda basi.

Msalimie dada wa Keringet na mzee wake, mwambie viazi vya huku havina ladha. Nyanya mpelekee salamu zake ukienda Kakamega. Na yule mathe wa chai hapo kwa garaji, mwambie bado namtafuta mpishi wa kumshinda na sijampata. Mama mkumbatie polepole, usimguse mgongo.

Baba, usimtume mtu mwingine akuangalizie. Ifungue wewe mwenyewe, macho yako bado nayaamini.

Ni mimi masikio yako, kama bado yanafaa,

Nekesa