Uzi wa Kijani kwenye Sayari ya Barafu

Tarehe 4 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, kazi ya dirisha la tiketi inaendelea. Magoti yamepoa?

Uliuliza Ijumaa nafanya nini. Tunacheza, Bibi, mimi na wenzangu wanne, watu wazima kabisa. Wao wanajifanya wasafiri wa chombo cha angani. Mimi msimulizi: nawaambia wametua sayari gani, wanasema watafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Lakini sayari zangu hazina uhai. Moja yote barafu, nyingine yote mchanga. Muuguzi, mmoja wetu, amesema ni chumba kile kile kimepakwa rangi tofauti. Wawili wameacha kuja. Wakiondoka na hawa waliobaki, mji huu sina wa kumwambia habari za asubuhi.

Mjukuu wako

Tarehe 21 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, ukiyauliza yanajiona. Anayeandika ni fundi cherehani, mimi nasema. Alitaka kutia maneno ya adabu, nimemkataza.

Dadu sikuielewa, kosa lako nimelielewa. Umeweka barafu ukasahau wa kuikanyaga. Nimefua nguo za watu miaka thelathini na minane, sikuingia sebuleni kwa hata mmoja, na nyumba zote nilizijua. Mfuko wenye makombo, humo kuna mtu anakula kwa kujificha. Shuka zikianza kuja moja badala ya mbili, mtu ameondoka.

Basi huko kwenye barafu nguo zinakaukaje? Maji machafu wanamwaga wapi yasigande mlangoni? Nani anagombania kamba? Anza hapo. Usiniletee mfalme. Weka mama mfuaji asiyejua kusoma, anayetia uzi wa rangi kwenye pindo ajue nguo ni ya nani, kama mimi. Sikupoteza hata soksi.

Kwenye picha uliyotuma umekonda mpaka nimetukana. Kula.

Bibi yako

Tarehe 30 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nipo salama, nakula. Kwenye barafu sasa wanaanika nguo juu ya nyufa zinazotoa mvuke, na watu wanarithishana ufa kama shamba. Wenzangu walitua kutafuta mafuta, wakaishia kusuluhisha ugomvi wa kamba. Yule mama mfuaji wamempenda kuliko chombo chao. Kila mmoja ametiwa uzi kwenye vazi lake. Wale wawili walisikia, wamerudi.

Mjukuu wako

Tarehe 12 Julai

Mke mwenzangu,

Mimi mzima. Miezi miwili kimya. Kama nimekuudhi, niudhi na mimi tuwe sawa. Kama unaumwa, sema wapi, nije na magoti yangu haya haya.

Bibi yako

Tarehe 25 Julai

Shikamoo Bibi,

Siumwi. Naona aibu. Ijumaa moja ya Mei barafu ilipasuka pale kwenye kamba. Muuguzi alijaribu kumvuta yule mama mfuaji asizame, akatupa dadu, ikatoka moja. Kwetu moja ni kifo, na kila mtu aliiona. Wakavaa makoti wakaenda. Nilijiona kama nimekuua wewe. Sijawaita mezani tangu hapo. Muuguzi amepiga simu mara tatu, sipokei.

Mjukuu wako

Tarehe 8 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Basi nimekufa, na huku nakula, nalala, nagombana na fundi. Alilia alipoisoma barua yako, na hata akiandika hii. Hilo doa ni lake.

Nakuuliza moja tu: beseni kachukua nani? Siku tuliyomzika mama yangu, aliyenirithisha kazi, mashuka ya watu yalikuwa kwenye maji. Niliyasuuza. Kulia nililia, huku nasuuza. Sayari yenye uhai ndiyo hiyo: mmoja akiondoka, mwingine anashika kazi yake, tena vibaya, anachanganya soksi.

Na muuguzi ndiye ambaye mkono wa yule mama ulimponyoka. Umemwacha na hilo peke yake tangu Mei. Ubaya wako ni huo, siyo dadu. Pokea simu.

Humu ndani ya bahasha kuna nyuzi tano. Nne zao. Wa kijani wako, utie kwenye pindo, ujulikane ni wa kwangu.

Bibi yako, mzima

Tarehe 29 Agosti

Shikamoo Bibi,

Wamekuja wote wanne. Kabla sijafungua mdomo, muuguzi alikunja mikono ya shati.

"Nashuka kwenye barafu," akasema. "Nionyeshe beseni."

Soksi amezichanganya zote.

Mjukuu wako, wa uzi wa kijani