Mke wa Utani

Mikumi, Jumapili, alasiri.

Mvua imekatika, lami inafuka mvuke, na malori yaliyolala hapa mbele ya gesti yanaondoka moja moja kuelekea Iringa. Nimekaa mapokezi peke yangu. Nina wivu. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, maana nikianza kuzunguka sitalisema.

Chanzo ni tamthilia. Ndiyo, ileile ya Jabu na Tunu inayotuunguzia maharage. Kwa asiyeifuata: Jabu ni dereva wa lori, Tunu anauza chakula karibu na mizani. Jabu akipita humwita Tunu "mke wangu", anafunua sufuria bila kuomba, anakula kwenye sahani yake. Hajawahi kumshika hata mkono, na waandishi hawatuambii kitu. Ni watani tu hawa, au anampenda? Grupu letu la mashabiki wa Kilosa na Mikumi linagombana kwa jambo hilo tangu sehemu ya kwanza. Kuna watu hawasalimiani sokoni.

Mimi ni wa upande wa Tunu. Mstari wa mbele.

Sababu yangu haimo kwenye tamthilia. Sababu yangu inaitwa Maganga, fundi wa madishi wa Kilosa, naye yumo kwenye grupu. Yeye Mnyamwezi, mimi Msagara, watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo ana ruhusa ya kuingia jikoni kwangu na kusema mlenda wangu ungefaa kuzibia pancha, na mimi nina ruhusa ya kumwambia kwamba babu yake alifika huku na mizigo ya watu kichwani akasahau njia ya kurudi kwao. Hakuna wa kukasirika. Ananiita mke wangu mbele ya wateja, mbele ya mama yangu mzazi, na mama anacheka, anamwuliza ng'ombe wako wapi.

Mimi niliacha kucheka zamani kidogo. Akiniita naitika "abee", na moyo nao unaitika.

Basi Jumatano ikaja sehemu iliyoniharibia wiki. Jabu anakula kwa Tunu, maneno yamemjaa mdomoni kama kawaida yake, mara anaingia Nesi Hawa kuulizia usafiri. Jabu akanyamaza. Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema "karibu" kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Chakula hakukimaliza.

Grupu likawaka moto. Niliandika mpaka kidole gumba kikauma: Nesi Hawa ni mgeni, mgeni huheshimiwa, moyo wa mtu uko anakokula. Maganga akaandika, "Msikilizeni mke wangu, ana akili huyu, shida ni mapishi tu." Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ndipo Mama Doreen, mwenye grupu, muuza vitenge wa Kilosa, akatuma sauti. "Nyie watoto, mnahangaika bure. Msimwangalie yule anayemtania. Mwangalieni yule anayemwogopa."

Neema akajibu chini yake. Neema ni mwalimu wa shule ya msingi kulekule Kilosa, mpole, haandiki mara nyingi. Aliandika kwamba hata yeye ameona Jabu ametetemeka. Na Maganga akamjibu, "Ni kweli, Mwalimu. Umeona vizuri."

Basi. Hakuna kicheko, hakuna mlenda, hakuna mababu.

Niliusoma ujumbe ule nikarudia. Neema ni Mkaguru. Kwa Wanyamwezi, Mkaguru ni mtani kama mimi. Maganga angeweza kumwita "mke wangu" asubuhi mpaka jioni na asingemkera mtu. Nikapandisha juu mazungumzo ya grupu, wiki baada ya wiki, nikitafuta mahali alipomtania hata kidogo. Anamtania Mama Doreen ambaye ni mkubwa kwake. Anamtania kila mtu. Neema hamtanii.

Tangu Jumatano nimekuwa mtu mbaya. Nimeitazama picha ya Neema kwenye simu nikitafuta kasoro, nikakosa, nikamchukia kwa kukosa. Nimemchukia hata Nesi Hawa, mtu ambaye hayupo duniani.

Leo asubuhi Maganga alikuja kurekebisha dishi letu, upepo ulikuwa umeligeuza. Nilikuwa nimepika wali na kuku, na sitajifanya kwamba ni kwa ajili ya wateja. Akala. Akasema kuku amekufa kwa uzee, wala hakuchinjwa. Madereva wawili waliokuwa wanakunywa chai wakacheka. Nikaona, sawa, bado tuko palepale.

Kisha akasogeza sahani pembeni na kuniita jina langu.

"Mwanaidi."

Sikumbuki kama aliwahi kulitamka. Sikujua kama analijua vizuri hivyo. Kwa sekunde ile moja niliamini kila nilichokuwa nakiombea.

Akasema wazee wake wanapeleka posa kwa kina Neema Jumamosi, kule milimani. Akasema wazee wa kule ni wagumu, wanamwona mtu wa kuja. Na posa huendana na mtani, wa kusema yale ambayo muoaji hathubutu kuyasema, wa kuwachekesha wazee mpaka walegee. "Nisaidie, dada yangu," alisema. "Mwingine sina."

Dada yangu.

Nilisimama, nikashika kiuno, nikapaza sauti ili madereva wasikie. "Usimuoe huyo. Nioe mimi. Mimi ndiye ninayekupenda."

Sijawahi kusema neno la kweli kuliko hilo katika maisha yangu. Madereva walipiga meza. Maganga alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi, akasema, "Hivyohivyo! Useme hivyohivyo kule!" Akachukua ngazi yake, akaondoka amefurahi.

Nimejiuliza mchana kutwa kama nikatae. Nikikataa lazima nitoe sababu, na sababu nimeshaitoa mbele ya watu, ikachekwa. Tena wivu wangu hauna haya: nataka kumwona akimwogopa Neema kwa macho yangu, nijue kunakuwaje.

Kwa hiyo Jumamosi nitakwenda. Nitavaa kitenge changu kizuri, nitawaamkia wazee wale mmoja mmoja, halafu nitawaambia wasimpe binti yao mtu huyu, kwa sababu ni mume wangu na ninampenda.

Watacheka sana. Halafu watampa.