Doti ya Mwanahawa

Jumatano jioni, Temeke. Mvua imekatika, joto limerudi palepale.

Leo wamenikubali. Ubingwa wangu wa uzazi, niliousomea kwenye nchi ya barafu, sasa unatambulika hapa kwetu. Mwenyekiti wa baraza la madaktari kanipa mkono: "Hongera, ndugu. Sasa unaruhusiwa kupasua bila kusimamiwa."

Nilidhani nitapiga vigelegele. Wapi!

Serikali yenyewe ndiyo iliyonipeleka kusoma. Niliporudi wakaniambia vyeti vyangu vimeandikwa kwa lugha wasiyoisoma, basi nifanye kazi chini ya bingwa wao mpaka waniamini. Nikawa namshikia mikasi mtu anayefanya kazi ninayoiweza. Nikameza hasira, nikasema yatapita.

Kisha ikaja ile Jumapili. Kaletwa Mwanahawa kujifungua, mtoto kakaa vibaya tumboni, damu inamtoka. Bingwa yuko kwake upande wa pili wa mji, na Jumapili mchana magari hayatembei, amri ya serikali, tunaokoa petroli. Gari lililokwenda kumchukua likazuiwa njiani, linaulizwa kibali. Mie nimenawa, nimevaa glovu, nimesimama. Mkuu wa zamu kaninong'oneza nikigusa kisu, ubingwa nisahau. Mwanahawa ananiita dada, dada. Nikamshika mkono.

Gari lilipoingia, alikuwa ameshaondoka na mwanawe tumboni.

Tangu siku ile, gari likipunguza mwendo nje ya dirisha langu, nageuka kutazama. Namsikia ananiita.

Leo narudi nyumbani, namkuta mama yake Mwanahawa, Bi Tatu, kakaa barazani. Nikamwamkia shikamoo. Jana walimaliza arobaini, wakagawa nguo za marehemu, na mie nikawekewa fungu langu, ndilo kaniletea: doti ya khanga, kwa sababu nilimshika mkono mpaka mwisho. Bado inanukia udi wake.

Jirani yangu, mdomo hauna breki, akampasulia habari: daktari wetu sasa anaruhusiwa kupasua peke yake! Bi Tatu akafurahi, tena akafurahi kweli. Halafu akanigeukia, taratibu kabisa.

"Kwa hiyo siku ile, mwanangu, ulikuwa hujajua bado?"

"Nilikuwa sijajua, mama."

Akaniombea dua, akaenda zake.

Doti iko kitandani. Kuivaa siwezi, kuifungia kabatini siwezi. Asubuhi nina mgonjwa wa kwanza wa kwangu mwenyewe, na nitampasua kwa mikono hii hii. Hata siku ile mikono hii ilikuwa inajua.