Besi Iliyofika Nyuma ya Pazia

Mama,

Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza na sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo nimeanza hivyo, nikakata. Hofu ya nini tena? Wewe umeshapumzika, Mwenyezi Mungu akulaze pema. Sisi tuliobaki ndio hatujambo ya mdomoni tu.

Mvua zimeanza. Mjukuu wako Zuhura ameng'oka meno ya mbele na shuleni anacheka akiwa ameziba mdomo. Mimi nimerudi sokoni Kibirizi kwenye dagaa wangu. Wenzangu wakiniona wanashusha sauti, na hilo linaniudhi, bora wangenichokoza kama zamani. Chumba chako nakifagia tu. Khanga zako sijazigawa, bado zina harufu yako.

Lakini kilichonikalisha niandike ni zile spika.

Unaikumbuka siku Baba Zuhura alipozileta. Mzungu mmoja wa shirika la kuhudumia wakimbizi alikuwa amemaliza mkataba, anauza vyombo vya ile nyumba yake kubwa ya mlimani. Mume wangu, mtu wa Tanga aliyeletwa Kigoma na kazi ya serikali, ambaye hata sufuria hanunui bila kuniuliza, akarudi na mkokoteni. Spika mbili zenye urefu wa mtoto, na sabufa nzito kama gunia la mahindi. Vitu vya kifahari, vilivyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi mpana, vikaingia kwenye sebule yetu, ambayo wageni sita wakikaa wa saba anasimama mlangoni. Akaunganisha nyaya, akaweka kaseti ya taarabu ya kwao, akafungua sauti. Bati likatetemeka juu yetu. Mimi nilicheka, Mama. Nilipokuja chumbani kwako nilikukuta uvunguni mwa kitanda umemkumbatia Zuhura, umemfunika kichwa kwa mikono yako, naye anacheka akidhani mnacheza.

Ulisema tu, "Nilidhani wamefika na huku."

Ulikuwa hujamaliza hata mwaka tangu uvuke ziwa kutoka Rumonge, ukikimbia vita. Uliyoyasikia kule milimani hukunisimulia, na sikukuuliza.

Kwa watu wengine jambo hilo lingeisha kwa kukaa na kuzungumza. Lakini wewe ulikuwa mama mkwe wake. Hamkuwahi kukaa sebule moja wala kula sinia moja, na akipita uani ulivuta khanga usoni. Maneno yenu yote yalipita kwangu, nikawa posta ya nyumba nzima. Ukaniambia utahamia kambini kwa mdogo wako, Mama Mdogo Hawa. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo, akasema atauza kila kitu kesho yake. Nikarudi kwako, ukakataa. "Mtu hanyang'anywi furaha yake ndani ya nyumba yake," ulisema. Nikaenda tena kwake. Akaomba apewe muda.

"Spika hazina kosa," aliniambia. "Chumba ndicho kidogo. Besi inakosa pa kwenda, inarudi ukutani, inavuma. Nikiipatia mahali pake itapiga na kunyamaza, haitamtisha mtu."

Mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, uende kambini, uugue huko chini ya turubai, nisiwepo.

Basi nyumba ikawa karakana. Kila Jumapili, umeme ukiwepo, alivuta spika mbele, akazirudisha nyuma, akazigeuzia kwenye mlango wa korido. Akasimamisha godoro ukutani. Akatundika mapazia mazito. Akapigilia mikeka chini ya bati. Kuna wakati alipanga magunia yangu ya dagaa kwenye pembe za sebule ili yameze mvumo, na kusema kweli yalisaidia, ila sisi wote tulinuka soko na wageni wakaacha kuja. Wewe ulianza kutoka chumbani. Ulitandika mkeka wako koridoni, nyuma ya pazia, ukachambua mchele ukisikiliza. Akisogeza kitu ananituma, "Kamuulize Mama." Nakuja hadi kwenye pazia, nauliza. Unajibu, "Bado kidogo." Nampelekea. Anasogeza tena.

Halafu ikaja Jumapili uliyoshukuru kwa lugha ya kwetu, ukasema, "Mwambie mkwe wangu urakoze. Inatosha sasa, ni tamu."

Mume wangu alitoka uani akasimama peke yake, akijifanya anatazama mipapai. Tangu hapo hakugusa chochote. Wewe hukuzungumzia tena kambi, na kila Jumapili ulikuwa kwenye mkeka wako. Nikajua nimekupata, umebaki.

Homa ilipokuchukua, wanaume waliokwenda mazikoni ndio walionisimulia. Baba Zuhura alibeba jeneza kutoka nyumbani hadi makaburini, kila aliyetaka kumpokea alikataliwa. Nadhani hakuwahi kuwa karibu nawe kiasi hicho.

Baada ya arobaini tulirudisha viti, na spika zikarudi kutoka kwa jirani tulikozihifadhi wakati wa msiba. Alizipanga palepale pa zamani. Jumapili mchana natoka jikoni, nasikia muziki, sebuleni hamna mtu. Nikavuta pazia la korido. Amekaa kwenye mkeka wako, kwenye kona, mgongo ukutani. Akanionyesha kwa mkono nikae.

Nikakaa. Mama, ilikuwa inavuma! Mahali pale palikuwa pabaya kuliko pote ndani ya nyumba. Sauti ya mwimbaji ilikuja kwa mbali, imefifia, na ule mvumo ulinipiga kifuani na kukaa humo.

"Besi hujaa kwenye kona," alisema. "Nilikuwa nadhani anakaa mlangoni."

Ulitudanganya. Uliniambia ni tamu, nikakimbia na neno hilo kama mtoto aliyepewa peremende. Nilikukasirikia wewe uliye kaburini, nikasema kwa sauti, kwa nini, Mama? Yeye ndiye aliyenijibu. "Angeweza kuingia chumbani akafunga mlango. Hakufunga hata siku moja." Kisha akalia. Msibani hakulia, alilia pale.

Kuna njia ya mafundi ambayo aliijua tangu mwanzo. Unaiweka sabufa pale anapokaa msikilizaji, halafu unatambaa chumbani kote ukitega sikio. Pale besi inaposikika safi ndipo pa kuiweka. Angethubutuje kupeleka sabufa mahali pa mkwewe? Siku hiyo aliiburuta hadi koridoni, akaiweka juu ya mkeka wako taratibu, kama mtu anayemkalisha mgonjwa. Akatambaa sebule nzima kwa magoti, sikio karibu na sakafu, Zuhura akampanda mgongoni. Alipofika karibu na mlango wa uani, mahali ambapo hakuna mwenye akili angeweka chombo cha thamani, akatulia. Tukaihamishia hapo, tukarudi kukaa kwenye kona yako.

Besi ikapiga, ikanyamaza. Yule mwimbaji akaimba kana kwamba yumo nasi koridoni. Lilikuwa jambo la mchana mmoja tu, Mama. Wewe ulikaa kwenye ule mvumo Jumapili zote zile, unachambua mchele, unaogopa, kwa sababu hapo ndipo pekee ulipoweza kukaa na mkweo.

Mama Mdogo Hawa amekubali kuja kukaa nasi, kibali chake kimetoka. Naye ni mkwe vilevile, naye atakaa nyuma ya pazia. Nimemwambia Baba Zuhura kwamba posta imefungwa, safari hii sitasimama nje kuuliza. Nitakaa na Mama Mdogo mkekani bega kwa bega, nisikie anachosikia, niutazame uso wake. Nakuahidi hilo, Mama. Mdogo wako hatavumilia kitu ndani ya nyumba yangu mimi nisijue.

Nenda salama. Mungu akupe kaburi lenye nafasi na utulivu. Na ukinijia ndotoni nikakuuliza hali yako, usinionee huruma, niambie unapoumia.

Mwanao,
Zaina