Taa za Ngazini

Namukolo uko wapi? Naandika haraka, nivumilie makosa.

Umeme umekatika saa sita mchana, tukiwa ngazini tunashuka kwenda kula nshima. Unazijua ngazi za ofisi yetu, hazina hata dirisha. Nikawaambia wenzangu tulieni, taa za dharura zinawaka sasa hivi.

Haikuwaka hata moja. HATA MOJA!

Luyando wa mapokezi akateleza. Na ile mimba ya miezi minane! Nilisikia tu puu. Nikapapasa gizani mpaka nikamshika mguu. Anasema, "Usiniguse, ngoja kwanza mtoto acheze." Tukasubiri. Akacheza, Mungu wangu. Kilichovimba ni kifundo cha mguu.

Nikamvaa mzee Siame, fundi wa jengo. Ananijibu bila aibu: "Betri za taa nilizitoa tangu Februari, mama. Bosi alizitaka kwa TV yake, aone mpira umeme ukikatika. Kwani taa si zinawaka kila siku?"

Zinawaka umeme ukiwepo! Umeme ukiwepo, Namukolo! Hata pasi inawaka umeme ukiwepo!

Nikamfokea mpaka watu wakatoka maofisini. Akaenda zake, akarudi na faili la ukaguzi wa taa za dharura, akalifungua mbele ya wote. "Soma mwenyewe, mama."

Machi, nzuri. Aprili, nzuri. Mei, nzuri. Nilikuwa nanyanyua kichwa tu, naona zinang'aa, natia tiki.

Sahihi zote ni zangu.

Na sasa hivi niko na Luyando hospitali. Amenichagua mimi nimsindikize, eti ni mimi tu anayeniamini.