Mbawakawa wa Kilimani

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta nyonga imepunguza maumivu, na kwamba shangazi anakuletea chai bila masimango. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umenielemea tangu niliposoma barua yako.

Kwanza, mbawakawa wamefika hai. Nyasi kavu ulizowatandikia zimesaidia. Boksi la kwanza, unakumbuka, walitikiswa njia nzima, wakadhani wanashambuliwa, wakaitoa damu yao ya manjano magotini. Walipofika hawakuwa na uchungu hata wa kumkera sisimizi. Ulinicheka, ukasema nimesomeshwa miaka yote hiyo nije kukamua wadudu.

Ndiyo kazi yenyewe, baba. Namgusa mguu kwa sindano butu, anatoa tone, nalivuta kwa kijibomba cha kioo. Ndani ya tone mna alkaloidi, ile sumu chungu inayomfanya ndege amteme. Mdudu huitengeneza mwilini bila kelele. Sisi tulijaribu kuitengeneza wenyewe kwenye chupa mpaka tukachoka. Mara ya kwanza tuliipata imegeuka: vipande vyote vipo, lakini kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Tuliichanganya na maji ya sukari, sisimizi wakanywa wakaenda zao. Mkuu wa maabara akasema tuanze upya.

Sasa nisikilize. Iliyo sawa tuliipata kabla mvua hazijaanza. Sisimizi waliionja wakarudi nyuma wakijipangusa midomo. Mkuu akaniagiza nikuandikie kukushukuru, nikuambie maboksi hayahitajiki tena. Sikuandika. Dada alikuwa ameniambia kwamba tangu tumzike mama huinuki kitandani mpaka mchana, na kwamba kinachokutoa nje ni mbawakawa wangu tu. Basi nikanyamaza. Kila boksi lililofika nililifungulia bustanini, nyuma ya jengo.

Kumbe wewe unateleza kwenye tope na kuumia kwa kutafuta wadudu nisiowahitaji. Halafu unaniomba radhi kwa kuwa safari hii umepata saba tu! Hapo nililia mbele ya wenzangu, sikujali. Ulitulea kwa kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwisho, na aliyeanguka ni wewe.

Usipande tena kilimani, nakusihi. Lakini usirudi kulala pia, na hapo ndipo ninaposhindwa, maana sina kingine cha kukutuma. Nimeomba likizo; nakuja Jumamosi. Ukikasirika, una haki. Usiponifungulia mlango nitakaa hapo kizingitini mpaka unifungulie, hata kama ni kwa kunigombeza tu.

Mpe shangazi salamu zangu, na umwombe asikufiche barua hii akidhani itakuumiza.

Mwanao akupendaye,
Kitinda mimba