Faili Moja, Mama Wawili

Kwako Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu iwe imeacha kuvimba. Mimi nipo, nakula ugali wa kiwandani na kunung'unika, kama unavyonijua. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Usimpe mama mdogo Somoe akusomee. Simu ningepiga, lakini wewe huweka spika nyumba nzima isikie, na haya ni yako peke yako.

Kazi ni ile ile ya kupanga vidonge vya presha kwenye maboksi. Tunavaa nguo nyeupe zisizo na mifuko, na mlango ukifungwa hutoki mpaka zamu iishe. Hata madirisha hayafunguki. Juzi juzi walikuja wakubwa wa serikali. Wakatueleza mpango wa taifa: dawa tutengeneze wenyewe, na kila mgonjwa ajulikane kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, hadi zahanati ya kijijini. Nilipiga makofi mpaka wenzangu wakanicheka. Nilikuwa nakufikiria wewe, Mama.

Sasa ile siku uliporudi mikono mitupu kutoka zahanati, nesi alikuambia mfumo umekukataa. Hakukuambia yote.

Alinipigia saa ya chakula. Akasema faili la Mama Salumu limefungwa, kwa sababu mtu mmoja anaonekana kuchukua dawa mara mbili kila mwezi. Nikaelewa hapo hapo. Mama mdogo hakujaliwa kuzaa, mmenilea nyote wawili, na akiitwa Mama Salumu anaitika yeyote aliye karibu. Lilipoitwa jina hilo kule kwenye dirisha la dawa, kila mmoja aliitika siku yake. Hakuna aliyedanganya. Kwetu ndivyo ilivyo, lakini nesi ni mgeni, na kompyuta ni mgeni zaidi.

"Bima yako ya kazini ina nafasi ya mama mzazi mmoja," akasema. "Aliyekuzaa ni yupi?"

Nilitaka kukutaja, jina lako lilikuwa mdomoni. Lakini akaniambia faili halifunguki bila alama ya kidole. Cha mama mdogo kimesoma mara moja. Vyako mashine imevikataa vyote. Mafuta ya maganda ya korosho yamekula kucha na ngozi ya vidole vyako, Mama, miaka yote ile uliyobangua korosho za watu ili mimi nivae sare. Nikikutaja wewe, faili litabaki limefungwa mpaka nije mwenyewe kukuthibitisha, na nyote wawili mtakosa. Nikimtaja yeye, anaondoka na dawa siku hiyo hiyo. Nikakumbuka alivyolazwa Newala mwaka jana, mdomo umekwenda upande.

Nikasema, "Somoe."

Basi mfumo haukukukataa. Aliyekukataa ni mimi.

Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi amesema ni mpaka mkataba uishe, na anayetaka kuondoka aondoke moja kwa moja. Nikiondoka, bima inakufa, na mama mdogo naye anakosa. Nikibaki, wewe ndiye unayekosa. Nageuka huku ukuta, nageuka kule ukuta. Mchana kutwa vidonge vyenyewe vinapita mbele ya macho yangu kama siafu, na getini wanatupapasa hadi kwenye soksi.

Kwenye kifurushi hiki kuna dawa za mwezi. Nimezinunua dukani, kwa cheti chako cha dawa alichonitumia nesi kwenye simu. Huenda hata nimezipanga mimi mwenyewe. Kondakta atazishusha stendi ya Masasi, na kijana wa bodaboda atakuletea Chiwata. Meza kila siku, usigawane na mtu. Nitatuma nyingine, nitakavyojua mwenyewe.

Nisalimie mjomba Bakari, mwambie kwa umri ule aache kupanda mikorosho kama tumbili. Msalimie nesi, sina kinyongo naye.

Na mama mdogo msalimie sana. Akiuliza kwa nini jina lake ndilo lililobaki, mwambie ni mashine. Namjua mdogo wako. Akijua anameza nafasi yako, hatameza tena.

Ni mimi, mwanao wa kumzaa,

Salumu